Zimwi Langu na Mtoto wa Wafula

Jumapili, mwisho wa Agosti 2008
Tuwan, Kitale

Mvua inanyesha tangu saa sita, ile ya Kitale isiyo na haraka, kama karani wa serikali. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma. Stima haijapotea tangu asubuhi, jambo ambalo linanitia wasiwasi.

Nimerudi kutoka Bungoma. Nilienda shangazi, nimerudi zimwi.

Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili na kuirudisha. Ibaki.

Ninyi mnaosoma blogu hii, na najua mko watatu na mmoja wenu ni mimi, mnakumbuka nilivyowasumbua mwaka mzima na kitabu changu. *Ghala la Sauti*. Riwaya ya kutisha ya watoto, wale wa miaka kumi hivi, ambao wamekua kiasi cha kusoma peke yao lakini bado wanaangalia chini ya kitanda. Niliitaipu hapa hapa ofisini, katikati ya barua za kuomba kazi na programu za mazishi. Uandishi sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha kidato cha pili, na mengine nimeyaokota katika karatasi za wateja. Ukitaipu programu za mazishi kwa miaka mingi unajua hadithi inavyotengenezwa: hakuna marehemu aliyekuwa mkorofi. Wote walipenda watu na kanisa.

Kwa aliyeingia leo, kitabu kinaenda hivi. Kijijini chini ya Mlima Elgon kuna ghala la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Ndani linakaa zimwi la kike, jicho moja, jino refu kama mpini wa jembe. Jioni zimwi linakohoa kidogo, kisha linaita watoto kwa majina yao, tena kwa sauti ya mama zao. Anayeitika, sauti inamtoka mdomoni kama moshi, inaenda kuingia kwenye kibuyu ghalani, na mtoto anabaki bubu. Nanjala, msichana ambaye ndugu yake mdogo aliitika, anaingia humo kuitafuta sauti ya ndugu huyo, kibuyu kwa kibuyu. Anapofungua kibuyu kisicho chake anasikia mtoto wa zamani sana akimwita mama ambaye naye alishakufa. Nilipoandika sura hiyo niligeuka kuangalia nyuma yangu. Kulikuwa na mashine ya fotokopi tu, lakini niligeuka.

Zimwi lilihitaji jina. Nikaliita Nasipwondi.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Nasipwondi alikuwa kukhu wangu, nyanya mzaa baba. Jicho lake moja liliharibiwa na bua la mahindi. Alizika watoto watatu kabla baba yangu hajazaliwa, na kijiji, ambacho huwa hakikosi maelezo, kikasema amewala. Wajukuu wote walimkimbia isipokuwa mimi, niliyekuwa mvivu wa kukimbia. Nililala nyumbani kwake. Hadithi zote ninazozijua zilitoka kwenye kinywa kile, na alipofika pahali pa zimwi hakuhitaji kubadilisha sauti.

Kwetu jina la marehemu halizikwi naye. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, hospitali ikisema hana kitu, tunajua kuna mtu wa ukoo anayedai kuitwa. Basi anatafutwa senge, yaani shangazi upande wa baba, anakaa mbele ya mtoto na kuita majina ya waliotangulia, moja moja, huku mama akimpa ziwa. Jina ambalo mtoto atalinyamazia na kunyonya, ndilo lake. Huo ndio uchaguzi pekee katika nchi hii ambao sijasikia mtu akiulalamikia.

Senge wa nyumba yetu ni mimi. Nimeita watoto wengi. Na majina yana sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Wanawake waliokufa bila kuzaa hawaitwi. Hakuna ubaya, ni vile tu. Na Nasipwondi haitwi. Senge aliyenitangulia alimruka, nami nikajifunza kumruka pale pale, kama mtu anavyoruka ngazi iliyooza.

Kwa hivyo jina lilikaa bure miaka yote hiyo, kama kiti cha mgeni ambaye hakufika. Nikaona kama hakuna mtoto anayelitaka, hadithi inalitaka. Nilidhani ninamtunza. Ujinga huwa una nia njema sana.

Kitabu kilikataliwa Nairobi kwa adabu. Nikakichapisha mwenyewe. Mtu wa kwanza kukisoma chote bila kulazimishwa alikuwa Wambui, mke wa ndugu yangu Wafula. Kwao walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba hapa Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa, kwa hivyo amekulia Kitale kama mimi. Sasa anafundisha darasa la tano huko Bungoma mjini. Muhula uliopita aliwasomea watoto kila Ijumaa mchana, na wakaanza kwenda chooni wawili wawili. Mwalimu mkuu alifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza watoto hao kudai wasomewe. Akasema muhula wa tatu kila mtoto awe na chake.

Maboksi mawili yako chini ya meza. Ninapoandika nimeyawekea miguu.

Mimi, wa kidato cha pili. Darasa zima. Sikumwambia mtu hapa Tuwan, lakini nilinunua kiatu.

Mapema mwezi huu Wambui akajifungua msichana, na msichana akaanza kulia. Si kulia kwa njaa. Ni kulia kwa mtu aliyedhulumiwa shamba. Hospitali wakampima wakasema ni mzima. Ijumaa mama yangu, ambaye amehamia huko kumsaidia mkaza mwana, akanipigia simu. Hakusalimia.

"Njoo uite."

Kwa kina Wambui jambo hili halina mjadala: msichana wa kwanza anaitwa jina la mama wa baba yake, kwisha. Alikuwa amelitaja wazo hilo, kwa heshima zote. Mama akaweka kikombe chini. "Ati aitwe mimi? Na bado nakunywa chai? Si mngojee kidogo." Wambui akacheka, akasema basi tufuate ya huku. Namkumbuka alivyocheka. Ningependa kuiacha hapo.

Jana asubuhi nilikaa kwenye stuli sebuleni kwao. Wambui alikuwa kwenye kochi na leso begani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mama alikuwa pembeni yake. Wafula alisimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita. Mtoto alikuwa anapiga kelele hadi kidevu kinatetemeka.

Nikaanza. Nelima, ni wewe? Kama ni wewe, nyonya. Akalia. Khalayi, ni wewe? Akalia zaidi. Namalwa. Nakhumicha. Nikawaita wote kwa upole, nikawapa kila mmoja muda wake, hata wale ambao najua walikuwa wavivu wasingejisumbua kurudi. Mtoto akalisukuma ziwa kwa ngumi.

Nikaishia hapo. Nikasema labda ni tumbo.

"Umeruka," Mama akasema.

"Sijaruka, Mayi."

"Petronila. Umeruka mmoja."

"Si huwa tunamruka?"

"Huwa tunamruka mtoto akiwa amenyamaza. Huyu analia. Ita."

Nikasema hebu nirudie kutoka mwanzo, pengine Nelima hakusikia vizuri. Wafula akasema, "Dada, ita bana, tumechoka." Wambui akaniangalia kwa matumaini, na hayo matumaini ndiyo sitayasahau. Hakujua ni nani amebaki. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba anamjua.

Nikakohoa kidogo, nikaliita.

"Nasipwondi. Ni wewe?"

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza. Alikata. Mdomo ulikuwa bado wazi, koo bado limejaa, lakini sauti haipo, kana kwamba mtu ameichukua na kuondoka nayo. Mvua haikuwa inanyesha, redio haikuwa imewashwa. Kisha akageuza kichwa, akalishika ziwa, akanyonya kama aliyetoka safari ndefu.

Mama akaanza kutoa machozi. "Umefika, Mama," akamwambia mtoto. "Tulikuacha nje muda mrefu." Sikuwahi kumsikia akimwita mama mkwe wake hivyo alipokuwa hai. Alipokuwa hai alikuwa anampelekea chakula kwa kumtuma mtu.

Wafula akapiga makofi. "Kumbe ni huyo mzee alikuwa anatusumbua! Kukhu, shikamoo!"

Wambui hakusogea hata kidogo.

"Hilo si jina la yule wa ghala?" akaniuliza.

"Ni la kukhu."

"Senge. Nimelisoma hilo jina mbele ya darasa. Nimelisoma na sauti ya kutisha, nikizungusha macho." Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. "Umekaa hapo ukaita majina. Umeita moja, mtoto wangu akapoteza sauti. Hivyo hivyo kama sura ya pili."

"Si amenyamaza juu ya maziwa," Wafula akasema. "Wacha hadithi."

"Hadithi ni ya dada yako."

Alisema kweli. Nilikuwa nimefanya kile zimwi langu hufanya, kwa mpangilio ule ule, hata kikohozi kidogo kabla ya kuita. Nilipoandika sura ya pili nilidhani nimebuni. Sikuwa nimebuni chochote. Nilikuwa nimeandika kazi ya senge, nikaitia jino.

Baada ya chai Wafula alitoka, Mama akaenda kulala. Wambui akaniita chumbani. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, amevimba mashavu, hana habari na sisi. Nikanyoosha mikono.

"Usimshike kwanza," akasema.

Nikairudisha mikono. Hujui uzito wa mikono yako mpaka ukose pa kuiweka.

Akaniambia taratibu, kwa sauti ya mwalimu aliyeamua kutokasirika. Kwamba mtoto huyu atasoma Bungoma, pengine shule hiyo hiyo. Kwamba watoto hawasahau. Kisha akaniuliza kama ninamkumbuka mama anayeuza mboga nje ya geti la shule, yule ambaye jicho moja limefunga.

Nikasema namkumbuka.

"Wiki ya kufunga shule, unajua walikuwa wanamwitaje? Hebu sema, Senge."

Hakungoja nijibu.

"Walikuwa wanapita wamefunga mdomo kwa mikono. Wakifika mbali wanapiga kelele, 'Nasipwondi, rudisha sauti yangu!' Yeye anacheka, anafikiri ni mchezo wa shule. Anawapungia mkono. Nilifikiri nitawakanya muhula ukianza. Nilikuwa nafikiri ni jambo dogo, kwa sababu halikuwa jina la mtoto wangu."

Hilo la mwisho alilisema akiangalia ukuta. Wambui ni mtu wa haki, hujihesabu na yeye.

Kisha akatoa hukumu. Jina limeshakubaliwa na mtoto, halirudi; hata yeye hatathubutu kulirudisha na kusikia kilio kile tena. Kwa hivyo kitabu ndicho kirudi. Nifute jina hilo kila lilipo, au maboksi yasifike shuleni. Na mpaka nichague, nisimshike mtoto.

Kofia niliyomfumia, ya manjano, nimerudi nayo kwa mkoba.

Nataka niandike kwamba nilielewa mara moja. Hapana. Nilikasirika njia nzima, na nilikuwa bado nimekasirika leo asubuhi kanisani, wakati wa kupeana amani. Miaka yote hiyo hakuna aliyemtaka Nasipwondi. Walimruka. Walimpelekea ugali kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyelala kwenye ngozi yake ya ng'ombe na kumsikiliza, mimi ndiye niliyeliandika jina lake mahali watu wangeliona. Sasa amekuwa wa kila mtu, wanamwita Mama, wanampigia shikamoo mlangoni, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kumgusa.

Lakini kuna jambo lilikuwa likinikera chini ya hasira, kama kokoto ndani ya kile kiatu kipya. Niliyemwandika kitabuni ni nani? Kukhu niliyelala kwake alikuwa anapumua kwa nguvu, akinuka moshi na viazi, akinifunika blanketi kwanza kabla ya kujifunika. Huyo hayumo. Aliyemo ana jicho moja na anakula sauti za watoto. Yaani niliuchukua uvumi wa kijiji, nikaunyoosha sarufi, nikauchapisha.

Baada ya kanisa nilifungua ofisi ingawa ni Jumapili. Nikatoa nakala moja kwenye boksi, nikachukua kalamu nene ya wino mweusi, nikaanza kufuta.

Sura ya kwanza ilinitosha.

Kwanza, kinatisha zaidi. Nilikuwa sijajua hilo. Zimwi ambalo jina lake ni doa jeusi linatisha kuliko zimwi lolote ambalo nimewahi kuandika. Nilisoma ukurasa mmoja nikasikia baridi ya mgongo, na mimi ndiye mwenye kalamu. Ningekuwa na akili hiyo tangu mwanzo, Nairobi wangenijibu vingine. Lakini najua watoto. Ukiwaachia shimo watalijaza. Na ninajua watalijaza na nani. Anauza mboga getini.

Pili, mkono wangu. Nilipofika doa la nne au la tano niliuona mkono wangu ukifanya kazi uliyoizoea. Ulikuwa unamruka tena. Safari hii kwa wino.

Nikaweka kalamu chini.

Basi lipewe jina jingine. Nikakaa nikatafuta. Majina ya kwetu yote yana mwenyewe, aliye hai au aliyelala, na nimeona jana kwamba aliyelala anaweza kuamka na kudai. Majina ya kina Wambui? Mwaka huu, na haya tuliyoyaona Januari baada ya uchaguzi, sitalipa zimwi jina la kabila la jirani. Majina ya kubuni yote yalisikika kama dawa ya kupe.

Kuna jina moja tu ninaloweza kulitumia bila kuomba ruhusa kwa mtu. Padri alinipa nikiwa sijui kukataa. Halina kukhu nyuma yake, na mbele yake hakuna mtu.

Petronila.

Nimelijaribu kwa sauti, hapa ofisini, mlango umefungwa. "Jua lilipozama nyuma ya mlima, Petronila akaweka mdomo kwenye tundu la ghala, akaita kwa sauti tamu kama ya mama." Linafaa. Linafaa kupita nilivyotaka. Na si geni sana: watoto wa ploti hii tayari hunikimbia nikitoka kuwafukuza wasichore ukutani. Mwanamke wa umri wangu, anakaa peke yake, hana mtoto, ana mashine inayonguruma na kutoa mwanga wa kijani. Kilichobaki ni jino.

Kwa hivyo nimeanza. Ninazo zile karatasi za stika za kuandikia anwani, nimetaipu jina mara nyingi kwa herufi zinazolingana na za kitabu, na sasa naprinti. Nakata kwa mkasi, nabandika juu ya Nasipwondi, nakandamiza kwa kidole gumba. Ukishika ukurasa dhidi ya taa unamwona kukhu bado yuko chini, amelala. Mimi nimejifunika juu yake. Nadhani angecheka. Alikuwa na kicheko kibaya sana.

Boksi la kwanza sijafika hata nusu na kidole kimeanza kuuma.

Mama amepiga simu saa hii kuuliza kama nimekula. Nikamwambia ninachofanya. Nikasikia mtoto nyuma yake akifanya sauti ndogo za kushiba. "Na wewe," akasema, "umejiweka pabaya hivyo ili nani akukumbuke?" Hakuuliza kwa ubaya. Mama hajui kuuliza kwa ubaya, ndiyo maana maswali yake huingia ndani.

Nikamwambia nimekula. Nijibu hapa.

Nimeita majina ya ukoo huu miaka mingi, na nimeshawaambia sheria. Nikifa, atakuja senge mwingine, atakaa kwenye stuli mbele ya mtoto anayelia, ataita wote, na akifika kwangu ataruka, bila chuki, kama nilivyoruka mimi. Hakuna mtoto atakayeninyamazia. Hilo nimelijua muda mrefu na nilikuwa nimelizoea, au nilidhani nimelizoea, mpaka jana Wambui aliponiambia nirudishe mikono.

Kesho nitayapeleka maboksi Bungoma. Sijui kama stika zitamtosha Wambui. Sijui kama yule mama wa mboga atapata nafuu, au watoto watamwita tu jina jipya. Nitapita getini nijionyeshe, niwaambie kwamba Petronila ni mimi, waje wanione jino. Kofia ya manjano nimeirudisha kwenye mkoba, juu kabisa.

Na muhula ukianza, watoto wa darasa la tano watapita wameziba midomo, wakifika mbali watapiga kelele wanidai sauti zao.

Wakiita, nitaitika.